Bwana, Bibi, Ndugu: Historia ya Kisanduku cha Heshima kwenye Fomu Rasmi na Funzo la Kigali

Ikisiri

Fomu nyingi rasmi humtaka mjazaji achague neno la heshima litakalotangulia jina lake kabla hajaandika jambo jingine lolote. Makala hii inafuatilia historia ya sharti hilo katika Afrika Mashariki na ya Kati, ikiitazama kutoka Kigali, mji ambamo kipengele kimoja cha kitambulisho kiliwahi kuamua nani aishi na nani afe. Hoja kuu ni kwamba neno la heshima na kipengele cha fomu ni vitu viwili tofauti. Neno la heshima hutolewa na mtu kwa mtu, na hubadilika kwa mahali na kwa wakati. Kipengele cha fomu huamuliwa na ofisi, hufungwa kwa orodha, na hudumu kuliko sababu iliyokizaa. Makala inaonyesha namna serikali za kikoloni na zile zilizofuata zilivyovichanganya viwili hivyo, kisha inapendekeza utaratibu wa kufuatwa wakati huu ambapo fomu za Rwanda na za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinahitaji kuandikwa kwa Kiswahili.

1. Utangulizi

Mwaka 2017 Rwanda ilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Hatua hiyo iliiweka nchi karibu zaidi na majirani zake ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda ilijiunga nayo mwaka 2007. Lugha inapokuwa rasmi, kazi yake ya kwanza huwa ya kawaida sana: matangazo, stakabadhi, barua za ofisi na fomu. Hapo ndipo mfasiri hukutana na mstari mfupi ulio juu kabisa ya fomu, wenye visanduku vitatu. Kwa Kiingereza ni Mr, Mrs na Miss. Kwa Kifaransa ni Monsieur, Madame na Mademoiselle. Mfasiri anayetaka kuviandika kwa Kiswahili hupata Bw. kwa urahisi. Vingine viwili humkwamisha, kwa sababu Bi. hutumika kwa mwanamke bila kuuliza kama ameolewa, na Bibi ni mke wa mtu, ni mwanamke mwenye heshima, na ni mama wa mzazi pia.

Ugumu huo si upungufu wa lugha, bali ni dalili kwamba mstari ule unauliza swali ambalo jamii zinazozungumza Kiswahili na Kinyarwanda hazikuwa zikiliuliza kwa njia hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta neno linalofaa, inafaa kuuliza swali lilitoka wapi, lilikusudiwa kumnufaisha nani, na limewahi kuleta nini pale lilipojibiwa kwa lazima.

2. Maneno ya heshima kabla ya fomu

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na utajiri mkubwa wa maneno ya heshima kabla ya ofisi za kikoloni. Mtawala wa wenyeji wa Unguja aliitwa Mwinyi Mkuu. Mwanamke wa ukoo ulioheshimiwa katika miji ya Lamu na Pate aliitwa Mwana, kama inavyoonekana katika jina la Mwana Kupona binti Mshamu, mtunzi wa utendi mashuhuri wa mwaka 1858. Walikuwapo pia Sayyid, Sharifu, Sheikh, Jumbe na Liwali. Kila neno lilibeba habari fulani: nasaba, elimu ya dini, cheo cha utawala au umri. Hakuna hata moja lililogawiwa watu wote kwa mpangilio mmoja. Mtu angeweza kuwa Sheikh msikitini, Bwana nyumbani kwake na mwana mbele ya mjomba wake, vyote kwa siku moja.

Neno Bwana lenyewe lina historia isiyo nyepesi. Katika jamii yenye utumwa, Bwana alikuwa kinyume cha mtumwa, na Bibi alikuwa mwenye nyumba na mwenye watu. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar, waliokuwa watumwa walidai uungwana kwa mavazi, kwa dini, kwa ngoma na kwa namna walivyotaka kutajwa. Laura Fair ameeleza kwa kina jinsi watu wa Unguja walivyojijenga upya katika miongo iliyofuata. Ushahidi mmoja mzito uko kwenye sensa: kati ya hesabu ya mwaka 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka mno, ilhali hakukuwa na tauni wala uhamaji wa kulieleza jambo hilo. Watu walikuwa wameacha kisanduku kilichonuka utumwa na kuingia kingine. Kumbe tangu mapema, watu wa eneo hili walijua kwamba neno linaloandikwa kando ya jina si maelezo tu bali ni daraja, na waliposhindwa kulifuta walihama.

Nchini Rwanda maneno ya heshima yalifuata njia nyingine. Mtawala alikuwa Mwami, na mkuu wa eneo alikuwa umutware. Katika uhusiano wa ubuhake, ambamo mtu alipokea ng'ombe na ulinzi akatoa utumishi, mtumishi alimwita mkuu wake databuja na mke wa mkuu huyo mabuja. Maneno hayo yalieleza uhusiano kati ya watu wawili mahususi. Databuja wa mtu mmoja hakuwa databuja wa kila mtu, naye mwenyewe angeweza kuwa na wa kwake. Majina ya watu pia hayakupangwa kwa ukoo wa baba. Kila mtoto alipewa jina lake, na ndugu wa tumbo moja hawakulazimika kushiriki hata silabi. Mwanamke aliyeolewa hakubadili jina. Kwa hiyo mpangilio wa Kiulaya wa neno la heshima likifuatiwa na jina la ukoo haukuwa na mahali pa kushika.

3. Nani aitwe Bwana: fomu ya kikoloni

Utawala wa Kijerumani, kisha wa Kibelgiji na wa Kiingereza, ulileta mambo mawili kwa pamoja: uliyahodhi maneno ya heshima na ukaleta daftari. Bwana likawa neno la kumwitia Mzungu. Kinyarwanda nacho kililipokea neno hilo kutoka Kiswahili, lugha ya askari, makarani na wafanyabiashara walioandamana na utawala wa Kijerumani. Richard Kandt alipoiweka ofisi yake Kigali katika miaka ya 1907 na 1908, mji huo ulikuwa na kilima, vibanda na Kiswahili. Mwafrika mzima, mwenye mke na watoto, aliitwa boi. Katika barua za ofisi jina lake liliandikwa peke yake, bila kitangulizi, au likafuatwa na neno la kabila.

Nchini Kenya, sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume Waafrika wenye umri wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande. Hati hiyo iliandika jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, wala haikuwa na nafasi ya heshima. Upinzani ulioongozwa na Harry Thuku mwaka 1921 na 1922 ulikuwa juu ya mishahara, kodi na kazi ya lazima, lakini kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu kwa sababu kilimgeuza mtu mzima kuwa kitu cha kukaguliwa.

Kongo ya Kibelgiji iliendelea mbele zaidi kwa kuigeuza heshima yenyewe kuwa hati. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa njema ya kiraia, na amri ya mwaka 1952 ikaanzisha usajili wa wale waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mwombaji alichunguzwa mwenendo wake, na maafisa waliweza kufika nyumbani kwake kutazama jinsi anavyoishi na anavyokula. Patrice Lumumba mwenyewe alikataliwa kwanza, kisha akakubaliwa mwaka 1954. Heshima ambayo mtu aliipata kwa jirani zake bila kuomba ilihitaji sasa ombi, ukaguzi na muhuri.

Funzo la kipindi hiki lina pande mbili, na sera nzuri haina budi kuzikumbuka zote. Kumlazimisha mtu achukue neno fulani ni dhuluma, lakini kumnyima neno la heshima nako ni dhuluma. Ndiyo maana pendekezo la kufuta kabisa maneno ya heshima, ambalo huonekana rahisi, halitoshi kwa watu ambao wazazi wao waliitwa boi.

4. Kipengele cha ubwoko, 1933 hadi 1994

Mfano mkubwa kuliko yote wa chaguo la lazima katika eneo hili hauhusu neno la heshima, bali uko jirani nalo kiasi kwamba hauwezi kurukwa. Baada ya mageuzi ya kiutawala ya mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuondolewa kwa Mwami Yuhi Musinga mwaka 1931, utawala wa Kibelgiji uliendesha hesabu ya watu mwaka 1933 na 1934 na kutoa vitambulisho. Kila mtu aliandikwa kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Simulizi iliyoenea husema kwamba mwenye ng'ombe kumi na zaidi aliandikwa Mtutsi. Mahmood Mamdani ameonyesha kuwa maafisa walitumia vyanzo vitatu kwa pamoja: maelezo ya mdomo yaliyotoka kanisani, vipimo vya maumbile na umiliki wa makundi makubwa ya ng'ombe. Bila kujali kipimo kilichotumika kwa mtu mmoja mmoja, matokeo yalikuwa yaleyale. Hali iliyokuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea, hata Kinyarwanda kikawa na kitenzi kwihutura cha kumweleza Mhutu aliyepanda akawa Mtutsi, ilifungwa. Mtoto akairithi kwa baba.

Neno lililochaguliwa kukiita kipengele hicho linastahili kutazamwa na wanaisimu. Kitambulisho kiliandika ubwoko. Katika matumizi ya zamani, ubwoko ulikuwa ukoo mpana: Abanyiginya, Abega, Abazigaba, Abagesera, Abasinga na wengineo. Marcel d'Hertefelt, katika utafiti wake wa mwaka 1971, aliorodhesha koo kuu 18, na ndani ya koo hizo walikuwamo Wahutu, Watutsi na Watwa kwa pamoja. Neno lililowaunganisha watu kuvuka mpaka huo likachukuliwa na fomu kuwa jina la mpaka wenyewe. Kwenye kitambulisho, mbele ya neno Ubwoko yalipangwa majina: Hutu, Tutsi, Twa, kisha neno la Kifaransa la aliyepewa uraia. Karani alikata kwa wino yasiyohusika, likabaki moja. Hapakuwa na nafasi ya kuandika jingine, wala ya kuacha wazi.

Historia ya majaribio ya kukiondoa kipengele hicho inafundisha zaidi kuliko historia ya kukiweka. Mwaka 1954 Mwami Mutara Rudahigwa aliuvunja ubuhake. Mwezi Machi 1957 waandishi wa Ilani ya Wahutu walipinga wazi, angalau kwa wakati ule, kufutwa kwa maneno Mhutu, Mtutsi na Mtwa kwenye hati. Hoja yao ilikuwa kwamba bila maneno hayo ubaguzi usingeweza kupimwa. Mwaka uliofuata Mwami na Baraza Kuu la nchi wakaelekea upande wa kuyafuta. Kila upande ulikuwa na hofu yake: mmoja uliona kufuta ni kuficha dhuluma, mwingine uliona kubakiza ni kuigawa nchi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962 kipengele kilibaki, na serikali zilizofuata zikakitumia kugawa nafasi za shule na kazi.

Mwezi Novemba 1990, vita vikiwa vimeanza, Rais Juvénal Habyarimana alitangaza kwamba maneno hayo yataondolewa kwenye vitambulisho. Hayakuondolewa. Itifaki ya mwisho ya Mkataba wa Amani wa Arusha wa Agosti 1993 iliitaka serikali ya mpito, mara itakapoanza kazi, ifute utajo wa asili ya kikabila kwenye hati zote rasmi zitakazotolewa. Serikali hiyo haikuwahi kuanza. Kuanzia Aprili 1994, kwenye vizuizi vya barabarani vya Kigali na nchi nzima, watu waliamriwa kutoa vitambulisho. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo kwa hesabu ya serikali ya Rwanda yaliua zaidi ya watu milioni moja, mstari ulioandikwa na karani ukawa hukumu iliyokwisha kuandaliwa.

Itakuwa kosa kulinganisha Bw. na Bi. na jambo hilo kwa uzito wa maafa. Kitambulisho peke yake hakikuua, na wengi waliuawa bila kukitoa kwa kuwa majirani waliwajua. Kinachofanana ni jinsi kipengele kinavyofanya kazi. Orodha imefungwa, jibu ni lazima na ni moja tu, na huhama kutoka fomu kwenda kwenye kadi, kisha kutoka kadi hadi kwa yeyote mwenye mamlaka ya kuiomba. Zaidi ya yote, kipengele huishi kupita nia ya aliyekiweka. Miaka 60 ilipita kati ya hesabu ya 1933 na Mkataba wa Arusha, na katika muda huo viongozi waliokusudia au kuahidi kukiondoa hawakukiondoa.

5. Heshima kwa amri: Ndugu na Citoyen

Wakimbizi wa Rwanda waliotawanyika tangu mwaka 1959 waliishi katika nchi ambazo, kila moja kwa njia yake, zilijaribu kuyapanga upya maneno ya heshima. Waliporejea Kigali baada ya 1994 walikuja na mazoea hayo. Kwa sababu hiyo historia ya Tanzania na Zaire ni sehemu ya historia ya mji huu.

Nchini Tanganyika, kisha Tanzania, chama cha TANU kiliweka udugu wa binadamu wote mwanzoni mwa ahadi za mwanachama. Baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, Ndugu likawa neno la kuitana katika chama, ofisini, gazetini na bungeni, ambako Spika aliitwa Ndugu Spika. Neno hilo lilikuwa na sifa ambayo Mr na Mrs hazina: halikuuliza jinsia, ndoa, elimu wala mali. Waziri na mfagizi waliandikwa sawa. Lakini usawa wa karatasi haukufuta daraja. Mtu aliyesimama foleni alijua vema ni Ndugu yupi atahudumiwa kwanza. Hata kiongozi wa nchi alijulikana zaidi kwa neno lililotokana na kazi yake, Mwalimu, ambalo watu walimpa kwa mapenzi. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Ndugu lilikuwa limeanza kurudi nyuma na kubaki zaidi ndani ya chama tawala, na Mheshimiwa likalitawala Bunge. Neno lililoletwa kwa siasa liliondoka siasa ilipobadilika.

Nchini Zaire jambo lilikuwa kali zaidi. Baada ya nchi kubadilishwa jina mwezi Oktoba 1971, sera ya uhalisi ya Mobutu iliwataka raia waache majina ya Kikristo mwaka 1972, na badala ya Monsieur na Madame wakaitana Citoyen na Citoyenne, yaani raia. Nia iliyotajwa ilikuwa kuondoa aibu ya ukoloni. Hata hivyo neno jipya lilikuwa la Kifaransa, lilitenganisha wanaume na wanawake kama lile la zamani, na lilikuwa la lazima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chama kimoja kilipolegea, Monsieur na Madame walirejea haraka.

Majaribio haya mawili yanaonyesha kikomo cha amri. Dola inaweza kulazimisha neno liandikwe, lakini haiwezi kulazimisha heshima itolewe. Pale ambapo Ndugu lilidumu, lilidumu kwa sababu lilikuwa neno la nyumbani, lenye maana kabla ya chama. Pale ambapo Citoyen lilitoweka, lilitoweka kwa kuwa halikuwa na mizizi nje ya agizo.

6. Kigali baada ya 1994: namba, jina na neno

Vitambulisho vipya vilivyotolewa baada ya 1994 havikuwa tena na kipengele cha ubwoko. Tangu mwaka 2008 Rwanda imetoa kitambulisho cha kielektroniki, irangamuntu, chenye namba ya tarakimu 16. Muundo wa namba hiyo unafaa kuzingatiwa. Tarakimu ya kwanza huonyesha kama mwenye namba ni raia, mkimbizi au mgeni. Nne zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa. Ya sita ni jinsia: 8 kwa mwanamume na 7 kwa mwanamke. Hivyo mtu anapoandika namba yake ya kitambulisho, amekwisha kuiambia ofisi jinsia na umri wake. Mstari wa juu unaomtaka achague kati ya Bwana na Madamu hauongezi habari yoyote juu ya jinsia. Unaongeza jambo moja tu, hali ya ndoa, na hilo kwa mwanamke peke yake.

Mzigo huo usio sawa ndio kiini cha tatizo. Mwanamume huwa Bwana kuanzia ujana hadi kaburini. Mwanamke huulizwa upya kila hali yake inapobadilika. Katika Rwanda swali hilo lina uchungu wake. Baada ya 1994 nchi ilikuwa na wajane wengi mno, na kumtaka mjane achague kati ya visanduku viwili, cha aliyeolewa na cha asiyeolewa, ni kumtaka aseme ukweli ambao fomu haina nafasi yake. Kinyarwanda cha kawaida hakimlazimishi. Humwita kwa jina lake, au mama wa fulani, au mukecuru akiwa mzee, na katika barua rasmi Madamu humtosha bila maelezo zaidi.

Haifai hata hivyo kusema kwamba kila swali la jinsia ni baya. Hoja ya mwaka 1957, kwamba kisichoandikwa hakipimwi, ina ukweli ndani yake ingawa matokeo yake yalikuwa mabaya. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 iliweka sharti kwamba wanawake wawe angalau asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi, na tangu uchaguzi wa 2013 wanawake wamezidi asilimia 60 ya Baraza la Wabunge. Sharti kama hilo haliwezi kusimamiwa bila takwimu za jinsia. Tofauti ni kwamba takwimu hizo zina lengo linalotajwa kisheria na zinaweza kuhesabiwa bila kumtangaza mtu mmoja mmoja. Neno la heshima kwenye bahasha halina lengo hilo. Kuvichanganya viwili ni kudhoofisha vyote: takwimu inakuwa ya kubahatisha, na heshima inakuwa ya lazima.

7. Sheria mpya na kazi ya Kiswahili

Nchi nyingine zimeanza kulitenga swali hili. Ujerumani Magharibi iliondoa Fräulein katika ofisi za serikali kuu mwaka 1972. Ufaransa iliondoa Mademoiselle kwenye fomu za serikali kwa waraka wa Waziri Mkuu wa Februari 2012. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya chama kiitwacho Mousse kuhusu ununuzi wa tiketi za treni Ufaransa, kwamba kumlazimisha mteja achague Monsieur au Madame si jambo la lazima kwa kumsafirisha. Msingi wa uamuzi ulikuwa kanuni ya kukusanya data isiyozidi mahitaji.

Kanuni yenye mwelekeo huo imekwisha kuingia katika sheria za eneo hili. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Uganda vilevile, Rwanda ina sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wazo lililo nyuma ya sheria hizo ni kwamba taarifa ikusanywe kwa lengo lililo wazi na ihusiane nalo. Kwa hiyo washauri wa sera hawahitaji kusubiri mahakama ya mbali. Wanachohitaji ni kuisoma sheria ya nyumbani wakiwa na fomu mkononi.

Kiswahili kina nafasi ya pekee hapa. Kwa kuwa fomu nyingi za Kiswahili nchini Rwanda bado hazijaandikwa, gharama ya kuziandika vizuri ni ndogo kuliko ile ya kuzisahihisha baadaye. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, pamoja na vyombo vya lugha vya nchi wanachama, inaweza kuweka kiolezo kimoja. Bi. linafaa kubaki neno la mwanamke yeyote, na isilazimishwe tofauti kati ya Bi. na Bibi ili tu kujaza visanduku vya Mrs na Miss. Ndugu lipo kwa anayelitaka. Tafsiri njema hapa ni ile inayouliza kidogo kuliko matini chanzi.

8. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba watu wa Afrika Mashariki hawajawahi kuyapuuza maneno ya heshima. Wameyadai waliponyimwa, wameyahama yalipowadhalilisha, na wameyaacha yalipoagizwa tu. Kilichowadhuru ni kipengele kisichojibika ila kwa namna moja, kilichowekwa bila kikomo cha muda. Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, neno la heshima kwenye fomu liwe la hiari, na nafasi yake iachwe wazi ili mtu aandike anachotaka kuitwa au asiandike chochote. Pili, jinsia iulizwe pale tu ambapo sheria au huduma inaihitaji, na sababu itajwe kwenye fomu yenyewe. Hali ya ndoa iulizwe kwa wanaume na wanawake sawasawa, au isiulizwe kabisa. Tatu, kisichohitajika kumtambua mtu kisihamishwe kutoka fomu kwenda kwenye kadi, kwa kuwa kadi huombwa na watu ambao aliyetunga fomu hakuwafikiria. Nne, kila kipengele cha fomu ya serikali kipewe tarehe ya kupitiwa upya, na kisipopatiwa sababu mpya siku hiyo, kifutwe.

Pendekezo la nne ndilo zito kuliko yote, nalo linatokana moja kwa moja na Kigali. Mwaka 1958 palikuwa na nia ya kukifuta kipengele cha ubwoko. Mwaka 1990 palikuwa na tangazo. Mwaka 1993 palikuwa na mkataba uliotiwa saini. Kilichokosekana ni utaratibu wa kawaida wa ofisi unaoyatekeleza maamuzi ya namna hiyo kwa wakati, bila kungoja vita viishe au serikali mpya iundwe.